Postikadi ya Ludvik na riwaya ambayo Dar es Salaam haijaandika

Mwaka 1967, mwaka uleule tuliotangaziwa Azimio la Arusha, Prague, mji mkuu wa Czechoslovakia, ilitoa riwaya ya kwanza ya Milan Kundera. Kwa Kicheki inaitwa Žert, yaani Mzaha. Kisa kinaanza na jambo dogo sana. Mwanafunzi wa chuo kikuu, Ludvik Jahn, mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, anamtaka msichana aitwaye Marketa. Likizo imefika na Marketa amekwenda kwenye mafunzo ya chama. Kutoka huko anaandika kwamba wanafurahi kupita kiasi: mazoezi ya viungo, mijadala, nyimbo, hewa safi ya watu wenye moyo mmoja. Ludvik anaona wivu. Yeye alitaka msichana akose usingizi kwa kumkumbuka, naye msichana ana raha zake. Kwa hasira ya kimapenzi anachukua postikadi na kumwandikia mistari mitatu: kwamba matumaini ni kasumba ya watu, kwamba hiyo hewa safi inanuka ujinga, na kwamba Trotsky, mwanamapinduzi wa Urusi ambaye chama kilimhesabu msaliti, adumu.

Postikadi haina bahasha, anayetaka kuisoma anaisoma. Ludvik anaitwa mbele ya kamati ya wanafunzi wenzake. Wanamjua vizuri, kesho yake wangekuwa naye darasani. Wanamuuliza kama anaamini ujamaa unaweza kujengwa bila matumaini, na huyo Trotsky ni nani kwake. Anajibu kwamba alikuwa anatania. Jibu hilo ndilo linalommaliza. Mtu mwenye chuki wanajua la kumfanya, maana ana jina: adui. Mtu anayecheka hawana fungu la kumweka, basi wanamtia kwenye fungu la adui ili kazi iishe.

Kisha unakuja mkutano. Ludvik ana tumaini moja, kwamba anayeongoza ni rafiki yake Zemanek, kijana mcheshi ambaye anajua kabisa utani ni nini. Zemanek anasimama na kusoma kwanza, kwa sauti ya kumtoa mtu machozi, maneno ya Julius Fučík, mwandishi mkomunisti aliyeandika akiwa gerezani kabla Wanazi hawajamuua mwaka 1943. Akimaliza hayo, anasoma mistari mitatu ya postikadi. Nani atabisha baada ya hapo? Ukumbi mzima unanyoosha mikono. Ludvik anafukuzwa chama, anafukuzwa chuo, na kwa kuwa si mwanafunzi tena anachukuliwa jeshini, kwenye kikosi cha wasioaminika wavaao alama nyeusi, kinachochimba makaa ya mawe katika mji wa Ostrava.

Nimeisoma riwaya hii na vijana wa hapa Dar es Salaam, na mara nyingi wanaisoma kama hadithi ya dola kubwa linalomponda kijana mdogo. Si usomaji wa uongo, lakini unaacha kiini nje. Hebu tazameni tena ule ukumbi. Hamna mzee mle. Hamna jenerali, hamna waziri, hamna askari mwenye bunduki mlangoni. Ni watu wa miaka ishirini na kidogo, wanafunzi, wapenda nyimbo, wapenda haki, wanaoamini kwa dhati kwamba wanaijenga dunia mpya. Mikono iliyomtuma Ludvik mgodini ni mikono ya rika lake. Hapo ndipo ujasiri wa Kundera ulipo. Alikataa kuwapa vijana nafasi ya malaika.

Naye Ludvik hajisafishi. Anasema tangu siku ile, kila anapokutana na mtu mpya, humweka kwa mawazo ndani ya ukumbi ule na kujiuliza kama naye angenyoosha mkono, na hajapata hata mmoja aliyefaulu mtihani huo. Sioni sehemu nyingine ya kitabu inayouma zaidi. Msomaji analazimika kuingia ukumbini mwenyewe, na hakuna kiti cha mtazamaji.

Maisha ya Kundera yanaipa hoja hiyo uzito. Yeye mwenyewe alijiunga na chama akiwa kijana, akafukuzwa mwaka 1950, akarudishwa 1956, akafukuzwa tena 1970. Baada ya vifaru vya Kisovieti kuingia Agosti 1968, vitabu vyake viliondolewa maktaba. Alihamia Ufaransa mwaka 1975, akavuliwa uraia 1979, na alifariki Paris Julai 2023. Mwaka 2008 jarida la Respekt la Prague lilichapisha hati ya polisi ya mwaka 1950 iliyodai kwamba yeye, akiwa mwanafunzi, ndiye aliyetoa habari za kijana aliyekuja kukamatwa. Kundera alikanusha kwa nguvu, na waandishi wakubwa wa dunia walimtetea. Kwangu mimi, ubishi ule wote ulithibitisha kwamba riwaya iligusa mshipa halisi. Swali la nani alinyoosha mkono halikuzeeka hata baada ya miaka karibu sitini.

Sasa, kwa nini uchekeshaji? Kwa nini mambo mazito hivi yasiandikwe kwa huzuni tu? Kuna mahali jeshini ambapo makoplo wanawaita askari wa kikosi hicho kwenye mashindano ya kupokezana mbio. Makoplo wanakimbia kwa nguvu zote kuonyesha ubabe wao. Wachimba makaa, kila mmoja kwa zamu yake, wanakimbia polepole kwa makusudi. Wanachechemea, wanajikwaa, wanatafuta pumzi kama watu wanaojitahidi kufa na kupona, na wenzao pembeni wanashangilia kana kwamba ushindi ni wao. Hakuna amri iliyovunjwa. Waliambiwa wakimbie, wanakimbia. Cheko la namna hii halipindui serikali. Linawarudishia watu dakika chache za kuwa watu, basi, na Kundera haongezi chumvi. Mle mle kikosini yumo kijana Alexej, anayeamini chama kuliko chama kinavyojiamini, na wenzake wale wale waliocheka pamoja uwanjani wanamtenga mpaka anajiua. Kundi lililoonewa nalo linajua kuonea.

Halafu inakuja sehemu ya kisasi. Miaka kama 15 imepita. Ludvik anarudi mji aliozaliwa, katika eneo la Moravia, akiwa na mpango wa kumlaza Helena, mke wa Zemanek, ili amlipe adui yake. Anafanikiwa kila hatua, kisha anagundua kwamba Zemanek na Helena walishatengana zamani ndani ya nyumba moja, kwamba Zemanek ana mpenzi kijana, na kwamba sasa ni mhadhiri anayependwa na wanafunzi kwa mawazo yake huru. Amebadilika pamoja na upepo. Helena, aliyempenda Ludvik kweli, anameza vidonge ili afe kwa kukataliwa. Ludvik anakimbia kumwokoa, anauvunja mlango wa choo cha nje, na anamkuta hai kabisa, ameketi, kwa sababu vidonge alivyovikuta kwenye koti la msaidizi wake vilikuwa vya kuharisha.

Ukicheka hapo unajisikia vibaya, na mwandishi alitaka hivyo. Kilichofanywa na historia kwa watu hawa hakikuwaachia hata heshima ya msiba. Mateso ya Ludvik yalikuwa ya kweli, miaka yake ilipotea kweli, lakini hakuna mahakama, hakuna adui wa kumlipa, hakuna kifo cha kishujaa. Huzuni peke yake ingemfanya Ludvik shujaa. Kicheko kichungu kinamwonyesha jinsi alivyo: mtu aliyedhulumiwa ambaye naye amemdhulumu mwanamke asiye na hatia.

Narudi kwetu, na naomba nisieleweke vibaya. Tanzania ya chama kimoja haikuwa Czechoslovakia ya miaka ya hamsini. Anayelinganisha mambo haya mawili sawa kwa sawa anawakosea waliochimba makaa Ostrava na anaikosea historia yetu pia. Lakini ukumbi wa vijana walionyoosha mikono tulikuwa nao, na hapa Dar es Salaam una tarehe.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu, pamoja na wenzao wa vyuo vingine vya mjini, waliandamana hadi Ikulu. Walikuwa wamevaa majoho. Walipinga mpango wa kuwapeleka wahitimu Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa miaka miwili, ambapo kwa miezi 18 wangepokea asilimia 40 tu ya mshahara. Kati ya mabango yao lilikuwamo lililosema kwamba wakati wa mkoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza papo hapo kwamba anapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akaamuru warudishwe makwao. Waliofukuzwa walikuwa 393. Wengi wao walirudishwa baadaye, na hapo ndipo tofauti kubwa na Ostrava ilipo.

Nimesikia kisa hiki kikisimuliwa kwa namna mbili tu. Wa kwanza wanasema wasomi wabinafsi walipewa adabu. Wa pili wanasema vijana jasiri walionewa. Mimi navutiwa na lile bango. Nani alilishika? Aliamini alichoandika, au alitaka tu kumchokoza mkubwa ili asikike? Alipoona uso wa Mwalimu unabadilika, alitamani kusema kwamba ule ulikuwa utani? Na wale vijana wengine walioandamana siku zilizofuata kuunga mkono kufukuzwa kwa wenzao walijisikiaje, wakiwa na umri uleule? Sijaona riwaya ya Kiswahili iliyoingia ndani ya vichwa vya vijana hao wa pande mbili.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, minisketi, mawigi, mikorogo ya kujichubua na suruali za kubana vingepigwa marufuku Dar es Salaam. Hata kabla tarehe haijafika, makundi ya vijana Kariakoo yaliwavamia wanawake waliokuwa wakishuka kwenye mabasi na nguo hizo. Nawaomba waandishi watulie juu ya picha hii. Kijana wa miaka 19, pengine ametoka Kisarawe au Rufiji juzi tu, hana kazi, anamshika msichana karani wa ofisini aliyenunua sketi yake kwa mshahara wake, na wenzake wanacheka. Anaamini anaulinda utamaduni wa taifa. Anaona pia raha ya kumshika mtu ambaye siku nyingine asingemtazama usoni. Fikra na tamaa zimechanganyika mkononi mwake, na umati unamshangilia. Nani ataandika sura hiyo kutoka ndani, bila kumfanya kijana yule shetani na bila kumtakasa?

Mambo ya kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja tunayo mengi. Jarida la Cheche la wanafunzi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilizimwa mwaka 1970, ingawa lilikuwa likiutetea ujamaa kwa ukali kuliko serikali yenyewe, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba jina lake limeazimwa kwenye gazeti la Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi. Watoto wa shule walikimbia mchakamchaka alfajiri wakiimba kwamba Idi Amin akifa hawatalia, watamtupa Kagera awe chakula cha mamba. Waliokimbia mbio zile wanaukumbuka wimbo kwa furaha hadi leo, na furaha ile ilikuwa ya kweli, kama ya Marketa kambini. Mikutanoni watu walipaza sauti kwamba zidumu fikra za Mwenyekiti. Mtu mmoja akibadilisha neno moja tu katika kaulimbiu ile, akiwa na rafiki asiye rafiki, tayari riwaya imeanza.

Si kwamba waandishi wetu walilala. Euphrase Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, aliandika Kaptula la Marx, tamthiliya ya watawala wanaovaa kaptula kubwa isiyowatosha, na ilizunguka kwa miswada mikononi mwa watu kabla haijachapishwa mwaka 1999. Adam Shafi, ambaye aliwekwa kizuizini Zanzibar baada ya Mzee Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, kuuawa Aprili 7, 1972, alitupa Haini mwaka 2003, na kurasa zake za mahabusu hazisomeki kwa urahisi. Navithamini vitabu hivi. Lakini Kaptula inawacheka wakubwa, na Haini inatuweka upande wa anayeteswa. Hata Shamba la Wanyama, kisa cha George Orwell cha nguruwe wanaogeuka watawala wakatili, kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka pia mwaka 1967, inamruhusu msomaji kucheka kwa amani, kwa kuwa hakuna anayejiona nguruwe. Tunachokosa ni kitabu kinachomcheka kijana wa kawaida aliyeshiriki, na kumpenda hapohapo.

Sababu moja naiona darasani. Tumewafundisha wanafunzi kuisoma riwaya kwa mafungu: dhamira, ujumbe, nafasi ya mwanamke, migogoro na suluhisho. Mwanafunzi wa kidato cha sita anafungua Vuta N'kuvute tayari ameshika kalamu ya kutafuta ujumbe. Mpe kitabu ambacho aliyedhulumiwa naye ni mdhalimu, ambacho kujiua kunaishia chooni, ambacho hakuna suluhisho, na atauliza: sasa mwandishi anataka kutuambia nini? Mwandishi naye, aliyepita darasa lilelile, anamwogopa msomaji huyo. Anaongeza mhusika mwema, anaweka hotuba ukurasa wa mwisho, na kicheko kinakufa. Hili linaniumiza, kwa sababu tuna vipaji vya kutosha. Wasikilize vijana wa kijiwe chochote cha bodaboda Sinza au Mbagala jioni moja. Ucheshi wao ni mkali, una uchungu ndani yake, na hauombi radhi. Ukiingia kwenye muswada unavalishwa suti.

Tena tunao utamaduni mkubwa wa kumcheka mtu mbele ya jambo zito. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani msibani ana ruhusa ambayo ndugu wa damu hana. Anaweza kuzuia maiti isitoke mpaka alipwe, anaweza kuigiza mwendo wa marehemu, wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Jamii iliyobuni hilo ilijua kwamba uzito usiocheka unaua. Dola la kiimla ni dola lisilo na mtani. Ludvik alitania mahali ambapo hakuna aliyepewa ruhusa hiyo, na waliomhukumu walikuwa wamesahau kwamba iliwahi kuwapo. Mwandishi wa Kiswahili ana chombo hiki ambacho Kundera hakuwa nacho, na angeweza kwenda mbali zaidi yake.

Kuna watakaosema mambo haya ni ya kale, tuwaachie wanahistoria. Siamini hivyo. Oktoba 2019 mchekeshaji Idris Sultan aliitwa polisi kwa sababu ya picha alizobadilishana sura na Rais John Magufuli. Mei 2020 alikamatwa baada ya kusambaa kwa video iliyomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais huyo. Hayo ni ya upande wa dola. Upande wetu ni huu: katika magrupu ya WhatsApp, mtu akituma kichekesho cha kisiasa, wa kwanza kumvaa huwa ni mwanagrupu mwenzake. Futa hiyo, utatuponza. Admini anaandika kwamba humu hatutaki siasa. Mwingine kimya kimya anapiga skrinishoti. Postikadi ya leo nayo haina bahasha, na wanaoisoma kwa niaba ya wakubwa ni rika letu, wengi wao bila kuombwa na mtu.

Vijana wa mwaka 1966 na 1968 sasa wana miaka sabini na kitu, wengine wamefika themanini. Wapo Magomeni, wapo Upanga, wapo Temeke, na kila mwaka tunawazika. Tukiwahoji huwa tunawauliza waliona nini, au waliteswaje. Waulizwe pia walishangilia nini, walicheka nini, walimtenga nani. Wengi watajibu wakiulizwa kwa heshima na bila kutafutiwa kosa, maana mzee aliyetulia mara nyingi yuko tayari kuusema ujana wake kuliko tunavyodhani. Kazi hiyo haihitaji ufadhili mkubwa. Inahitaji mtu mwenye subira, nauli ya daladala na sikio la utani.

Na kuna mlango wa kuipeleka. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kutolewa mwaka 2023 na inapokea riwaya. Natamani kuona siku moja majaji wake wakikabidhiwa muswada wa kuchekesha na kuumiza kuhusu wanafunzi waliovaa majoho wakaenda Ikulu, na kuhusu wenzao waliowashangilia waliowafukuza, wakausoma mpaka mwisho na kuupa tuzo yenye jina la mtu aliyesimama upande wa pili wa bango lile.